Ile pozi ya kidevu mkononi ni picha mbili, si moja

Wiki jana mama mmoja alinitumia picha WhatsApp, ameitoa Pinterest. Mtoto wa siku chache, viwiko vimesimama, kidevu kimekaa kwenye viganja vyake, amelala fofofo kama mzee aliyetoka shamba. Akaandika: "Nataka hii tu. Ni how much?" Nikamwambia naweza, lakini lazima kuwe na mtu wa kumshika mtoto. Akaniuliza, kwani huyo kwenye picha ameshikwa na nani?

Ameshikwa, mama. Ni vile mkono umefutwa. Na sisi wapiga picha tunavyoficha hii kitu ndiyo siku moja itaumiza mtoto wa mtu.

Shingo ya mtoto mchanga haiwezi kubeba kichwa chake. Hiyo pozi, wengine huiita ya chura, hufanywa hivi. Kamera inawekwa kwenye stendi na haisogezwi tena. Picha ya kwanza, msaidizi anashikilia kichwa kutoka juu kwa vidole. Ya pili, anahamia chini na kushikilia mikono ya mtoto pale kwenye viganja, huku kichwa kikiwa bado kimeegemezwa. Mtoto haachiliwi hata sekunde moja. Halafu unaingia Photoshop, unaweka moja juu ya nyingine, unafuta mkono wa msaidizi. Hata zile za mtoto ananing'inia kwenye shuka kutoka tawini ni hivyo hivyo: mtoto alikuwa amelala kwenye mto sakafuni, tawi likaja baadaye.

Najua kwa sababu nilianza kwa kuifanya vibaya. Nilikuwa msaidizi wa jamaa fulani, sitamtaja. Akaniambia, "Achilia kidogo tu, nipige haraka." Nikaachilia. Kichwa kikaenda mbele, kidevu kikagonga kifua. Nikakidaka. Mtoto hata hakuamka, na hapo ndipo watu hudanganyika, eti amenyamaza kwa hivyo yuko sawa. Kidevu kikikaa kifuani njia ya hewa inabanwa, na mtoto wa umri huo anaweza kukosa pumzi bila kulia. Mamake alikuwa hapo nje anakunywa chai. Picha ilipendwa sana. Sikulala siku hiyo.

Sasa kuna hii ya baridi. Julai Nairobi, mtu anataka mtoto uchi kwenye kikapu. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, kwa hivyo chumba kinafaa kuwa na joto mpaka wewe wa kamera utoke jasho. Lakini jameni, si kwa jiko la makaa! Nimeona mtu amelifungia ndani na dirisha limefungwa. Ile hewa ya makaa haina harufu na inaua watu wazima, sembuse mtoto. Kama huna hita ya stima, mfunge mtoto kwenye leso na umpige picha akiwa hivyo. Anapendeza zaidi, hiyo ni maoni yangu.

Wenye studio watakuambia lazima mtoto aje kabla ya wiki mbili kwisha, kwa sababu ndio wakati analala sana na kujikunja kirahisi. Ni kweli kwa pozi. Lakini kama kwenu mtoto hatoki kabla ya arobaini, usikosane na shosho kwa sababu ya picha. Mtoto wa wiki sita anakutazama machoni, na hiyo ni picha pia.

Kuediti nako kuna mambo. Ngozi ikibambuka, paka programu yako, sawa. Lakini ukiona mtoto ni wa manjano, angalia shuka kwanza. Shuka nyeupe ikiwa pia ni ya manjano, ni taa. Shuka ikiwa nyeupe na mtoto wa manjano, usisahihishe ukanyamaza. Sisi weusi ngozi inaweza kuficha, kwa hivyo tazama weupe wa macho, viganja na nyayo kwenye mwanga wa dirisha, kisha mwambie mama ampeleke kliniki leo, si kesho. Na mkiacha kuwang'arisha watoto ngozi nitashukuru. Mtoto ana siku nane, tayari mnamwambia rangi yake haitoshi?

Kwa hivyo mzazi, kabla ulipe, uliza: "Nani atamshika mtoto? Ni picha ngapi zinaunganishwa?" Akikuambia yeye hupiga moja tu kwa sababu ana uzoefu, beba mtoto wako uende. Na usitoke chumbani. Chai itangoja.

Yule mama alipata mtu wa bei nafuu. Jana nimeona status yake, pozi ni ile ile, mtoto ni mzima na ni mrembo sana. Nimeivuta picha mpaka ikaharibika nikitafuta alama ya mkono uliofutwa. Sijaiona.