Embakasi Haikugawanywa kwa Huruma

Kuna msee atakwambia mambo ya mipaka ya maeneo bunge ni ya wazee wa suti. Mwambie akae chini tumpigie hesabu ya Embakasi.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, Embakasi ilikuwa eneo bunge moja. Moja! Kayole, Umoja, Dandora, Pipeline, Mukuru kwa Njenga, Utawala, wote chini ya mheshimiwa mmoja. Nairobi nzima ilikuwa na viti 8 tu. Sensa ya 2009 ilipata watu 925,775 Embakasi. Sensa hiyo hiyo ilipata watu 18,841 Lamu Mashariki, na wao pia walikuwa na mbunge wao. Yaani kule bungeni, watu 49 wa Embakasi walikuwa sawa na mtu mmoja wa Lamu Mashariki.

Sina ubaya na watu wa Lamu. Kule ni visiwa, kufikia wapiga kura ni boti, na sauti yao lazima isikike. Lakini haki ya mtu wa Faza haihitaji mtu wa Kayole amezwe.

Na si sauti tu, ni pesa. CDF ilipoanza 2003, asilimia 75 ya mgao iligawanywa sawa kwa kila eneo bunge, uwe na watu elfu 18 au laki tisa. Sasa jiulize basari ya mtoto wa Dandora ilikuwa inatoka wapi.

Halafu kumbuka 2008. Mugabe Were alichaguliwa Desemba 2007, akauawa kwa risasi Januari 29, hata hajakaa kitini vizuri. Uchaguzi mdogo ulikuja Juni, Ferdinand Waititu akashinda. Kwa zaidi ya miezi minne, mitaa yote hiyo haikuwa na mbunge hata mmoja, wakati nchi ilikuwa inaungua.

Katiba ya 2010 ikaleta viti 290, Embakasi ikakatwa mara tano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Wanasiasa wanaongea ni kama tulipewa zawadi. Zii! Wastani wa nchi ulikuwa watu 133,138 kwa kiti. Katiba inaruhusu mji kuzidi wastani huo kwa asilimia 40, yaani kama 186,000. Gawa 925,775 kwa tano: 185,155. Tulikatiwa hadi tukagusa dari, basi. Hiyo ilikuwa haki ya chini kabisa.

Sasa dari lenyewe limepasuka. Kwa sensa ya 2019, wastani wa nchi ni watu 164,015 kwa kiti, na mwisho wa mji ni kama 229,600. Nairobi ina watu 4,397,073 na viti 17. Hiyo ni zaidi ya 258,000 kwa kila mbunge. Tumerudi kule kule.

Katiba inasema mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ya mwisho ilichorwa 2012. 2024 ilikuja ikapita, IEBC haikuwa na hata kamishna mmoja wakati huo, na wakubwa wengi walinyamaza tu. Unajua kwa nini? Viti ni 290, na haviongezeki bila kubadilisha Katiba. Nairobi ikipata, kwingine kutapoteza. Hakuna mheshimiwa anataka kuwa yule wa kupoteza.

So sisi tusinyamaze. Mikutano ya maoni ya umma kuhusu mipaka ikifika mtaani, jaza kile kiti cha plastiki, ongea. Sensa ikija, hesabiwa unapolala. Na kura yako je? Unalipa kodi ya nyumba Pipeline, unapanga foleni ya maji Pipeline, lakini umejiandikisha ushago. Halafu unauliza mbona mtaa wenu hauogopwi na mtu.

Embakasi ya zamani ilimezwa kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kuihesabu. Safari hii walazimishwe.