Mwenye shamba Meru na mstaafu wa Arusha, nani ana akiba kubwa?

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru wana namna yao ya kupimana utajiri. Huangaliwa nyumba, ukubwa wa shamba, idadi ya ng'ombe na kama mtu ana gari au pikipiki. Mwenye navyo huambiwa amejipanga. Asiye navyo huonekana bado anahangaika. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kina kasoro moja kubwa: hakimwambii mtu ataishi vipi atakapofikisha miaka 65 na jembe likawa limemshinda.

Hata takwimu za taifa zinapima kwa njia inayokaribiana na hiyo. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 uliziweka kaya za Tanzania katika makundi matano, kuanzia maskini zaidi hadi tajiri zaidi, kwa kuangalia mambo kama sakafu ya nyumba, chanzo cha maji, choo, simu, redio na vyombo vya usafiri. Kwa kazi ya kulinganisha makundi ya watu kipimo hicho kinafaa. Hata hivyo, hakihesabu madeni ya kaya, wala hakihesabu pensheni. Hivyo vitu viwili ndivyo visivyoonekana hata ukichungulia juu ya ua wa jirani.

Wastani nao unapotosha

Wapo wanaopenda kujilinganisha na wastani. Nako kuna mtego. Tuchukue mfano wa wauza nguo kumi katika Soko la Kilombero. Tisa wana mtaji wa Sh2 milioni kila mmoja, na wa kumi ana Sh82 milioni. Jumla ni Sh100 milioni, hivyo wastani ni Sh10 milioni kwa kila muuzaji. Wale tisa wakiambiwa hivyo watajiona wameshindwa maisha, kumbe ni mmoja tu aliyeuvuta wastani juu.

Hali hiyo iko pia kwenye nchi tajiri. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wastani wa mali ya familia, baada ya kuondoa madeni, ulikuwa zaidi ya dola milioni 1. Lakini familia iliyokuwa katikati kabisa ya orodha ilikuwa na dola 192,900 tu. Zaidi ya hayo, karibu nusu ya familia hazikuwa na akaunti yoyote ya akiba ya kustaafu. Kwa hiyo anayetaka kujilinganisha amtafute mtu wa katikati, asimfuate tajiri mmoja wa sokoni.

Hesabu ya watu watatu

Sasa tuwalinganishe watu watatu wa mfano. Wa kwanza ni mkulima wa Poli. Shamba lake la migomba na kahawa tulithamini kwa Sh30 milioni, nyumba Sh15 milioni, ng'ombe wawili wa maziwa Sh3 milioni, na hisa zake katika VICOBA Sh600,000. Anadaiwa Sh2 milioni na SACCOS na Sh400,000 na duka la pembejeo. Ukitoa madeni, anabaki na Sh46.2 milioni.

Wa pili ni mama muuza mitumba aliyepanga chumba Ngarenaro. Ana bidhaa za Sh6 milioni, akiba ya Sh4.2 milioni, na deni la Sh3 milioni. Mali yake ni Sh7.2 milioni. Kwa macho, mkulima anamzidi zaidi ya mara sita.

Lakini tuulize swali jingine: wakiugua leo, wataishi muda gani bila kuuza chombo cha kazi? Ikiwa mkulima anatumia Sh200,000 kwa mwezi, fedha zake za VICOBA zitaisha baada ya miezi mitatu. Mama wa mitumba anatumia Sh350,000 kwa sababu ya kodi na nauli, lakini akiba yake itamfikisha mwaka mzima.

Wa tatu ni mwalimu mstaafu mwenye nyumba ndogo Sakina, asiye na shamba wala duka. Majirani humwona wa kawaida tu. Lakini tuseme anapata pensheni ya Sh400,000 kila mwezi. Kwa miaka 15 hiyo ni Sh72 milioni, na haihitaji mvua wala wateja. Kwa hesabu hiyo, anayeonekana wa mwisho ndiye wa kwanza.

Kwa nini shamba si pensheni

Wengi watasema, "Mzee akizidiwa si auze kipande?" Kwa Wameru neno hilo si jepesi. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa mjini New York kudai ardhi hiyo. Watu wenye historia hiyo hawawezi kuliona shamba kama gunia la mahindi la kupelekwa sokoni.

Sheria nayo ina masharti yake. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka uhamisho upitie halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hayo yamewekwa kuilinda familia, na ni mema. Lakini yana maana kwamba shamba haligeuki fedha siku ya shida. Anayeuza kwa haraka huuza kwa bei ya mnunuzi, na kilichouzwa hakirithiwi tena.

Thamani ya mazao nayo hupanda na kushuka. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Februari 2025 ilivuka dola 4. Anayejihesabia utajiri katika mwaka wa bei nzuri ajue kuwa uzee hauchagui msimu.

Wenye mishahara na sisi

Mwajiriwa wa sekta binafsi huchangiwa NSSF asilimia 20 ya mshahara, yeye na mwajiri wake wakigawana. Mtumishi wa umma huchangiwa kiwango hicho hicho PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa. Mjadala mkali wa kikokotoo, ulioanza 2018 na kurudi tena 2022 malipo ya mkupuo yalipowekwa asilimia 33, ulionyesha jinsi watumishi wanavyoyalinda mafao yao. Mkulima hana kikokotoo cha kulalamikia, kwa sababu kama hakuchangia hana cha kudai.

Aliyejiajiri naye anaweza kujiunga NSSF kwa hiari. Jambo la kuzingatia ni muda. Pensheni ya uzee hudai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 45 na kuchangia bila kukosa atatimiza akiwa na 60. Anayesubiri hadi 55 amechelewa kwa njia hiyo, na itambidi atafute nyingine, kama vipande vya mfuko wa pamoja wa UTT, ulioanza kuviuza mwaka 2005, au akiba ya muda mrefu katika SACCOS.

La kufanya ni kuchukua daftari na kuchora safu tatu. Ya kwanza ni mali isiyouzwa: nyumba na shamba. Ya pili ni mali inayozalisha, kama ng'ombe, mashine na bidhaa za duka. Ya tatu ni fedha unayoweza kuipata ndani ya wiki moja bila kuuza vya safu mbili za kwanza. Chini andika madeni yote, hata ya dukani. Kisha gawanya safu ya tatu kwa matumizi ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi unayoweza kukaa bila kufanya kazi.

Rudia hesabu hiyo kila mwaka baada ya mavuno. Kama mwaka jana ilikuwa miezi mitatu na mwaka huu ni mitano, umepiga hatua, hata kama jirani ameezeka upya. Kama imeshuka hadi miwili huku umenunua pikipiki kwa mkopo, umerudi nyuma, hata kama kijiji kizima kinakupongeza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya kwanza kupotea kimya kimya ni ile ya uzeeni.