Kitumbua Nacho Kipewe Moto Wake

Branchi, yaani mlo wa mwisho wa juma unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana na kuliwa bila haraka kuanzia saa nne au saa tano za asubuhi hadi alasiri, imekuwa katika hoteli kubwa za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja shughuli ya heshima ambayo familia huipangia siku, huivalia vizuri na kuilipia kwa kichwa, mlaji apakue mara moja au mara tano. Wingi wa vyakula ndio unaotangazwa, lakini thamani ya mlo huo haimo katika wingi; imo katika ahadi kwamba kuna kitu kitakachopikwa mbele ya mlaji, kwa namna aliyoiagiza mwenyewe, na kumfikia kabla moto haujakitoka. Safu hii inashikilia kwamba hoteli za ukanda huu zimeitimiza ahadi hiyo kwa yai na kuinyima vitumbua na mahamri, na kwamba sababu si gharama wala uhaba wa mafundi, bali ni mpangilio wa heshima uliorithiwa kutoka zama ambazo mwenyeji aliingia katika ukumbi wa namna hiyo akiwa amebeba sinia tu.

Ukumbi wa branchi hufuata ramani inayofanana sana kutoka hoteli moja hadi nyingine. Mahali panapoonekana kwa urahisi husimama mpishi mwenye kofia ndefu nyeupe na jiko dogo la gesi, akikaanga mayai kwa kitunguu, nyanya, pilipili hoho, uyoga au jibini kama mlaji atakavyo. Kando yake kuna chuma cha wafo na kikaango cha pankeki. Mbele kidogo kuna mtu anayekata vipande vya nyama ya kuokwa kwa kisu kirefu, akiuliza kwa adabu kama mlaji anapenda iliyoiva sana au yenye damu kidogo. Mwisho wa ukumbi, mara nyingi karibu na mlango wa jikoni, ndipo ilipo sehemu iliyotengewa vyakula vya kienyeji, nayo hupambwa kwa mikeka, kawa na vitambaa vya kikoi, huku vyakula vyenyewe, yaani mahamri, vitumbua, mbaazi za nazi, viazi karai na supu, vikiwa vimefunikwa ndani ya vyombo vya chuma vinavyopashwa moto kwa mvuke wa maji. Hapo hakuna mpishi, hakuna kikaango, na hakuna anayeuliza mlaji anapendaje.

Uzito wa kasoro hiyo unaonekana pale mtu anapofuata jinsi vyakula hivyo vinavyopikwa. Mchele wa vitumbua hulowekwa usiku kucha, husagwa kwa tui la nazi na iliki mpaka ulainike, hutiwa hamira na sukari, huachwa uumuke, kisha rojo lake humiminwa katika kikaango kizito chenye vishimo vya duara ambavyo tayari vina mafuta yaliyopata moto. Ukingo wa kitumbua hukauka na kuwa mwembamba wa kuvunjika, ilhali moyo wake hubaki laini, wenye unyevu na harufu ya nazi, na tofauti hiyo kati ya ukingo na moyo ndiyo utamu wote wa chakula hicho. Haidumu. Mvuke unaotoka ndani ya kitumbua kilichofunikwa hugonga kifuniko, hugeuka maji na kudondoka juu ya kile kile kilichoutoa, ukingo ukayanywa maji hayo, na baada ya muda usiofika nusu saa kinachobaki ni tonge la mchele lenye mafuta ambalo mgeni atalionja mara moja, ataliacha pembeni mwa sahani, na ataondoka akiamini kwamba amekijua kitumbua.

Hamri nalo lina saa yake. Unga wa ngano uliokandwa kwa tui, iliki na hamira hukatwa pembe tatu na kutumbukizwa katika mafuta ya moto, na maji yaliyomo ndani ya unga hugeuka mvuke unaolivimbisha mpaka likawa na uwazi katikati, ule uwazi ambao mlaji wa Mombasa au Lamu hulifungua kwa vidole ili mbaazi zipate pa kukaa. Likipoa, wanga ulioiva hukakamaa na ngozi yake huwa ngumu ya kuvutana. Likifunikwa kwenye mvuke, hunywea na kulegea. Mkate wa kumimina, ambao watu wengi huuita mkate wa sinia, na ambao huokwa kwa mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, ni mvumilivu zaidi na huweza kuliwa ukiwa baridi pamoja na chai bila kupoteza kitu kikubwa, kwa hiyo haki inayodaiwa hapa si ya kila kilichoandikwa jina la Kiswahili, bali ni ya vyakula ambavyo maisha yake huhesabiwa kwa dakika.

Jikoni hutolewa jibu kwamba kanuni za usalama ndizo zinazolazimisha vyombo hivyo vya mvuke. Kanuni zenyewe ni sahihi na hazina mjadala, kwani Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mambo matano ya usalama wa chakula, linaagiza kwamba chakula kilichopikwa kishikiliwe katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi mpaka kiliwe, na kwamba kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2. Ila kanuni hiyo inahusu chakula kinachosubiri. Kitumbua kinachotoka kikaangoni na kwenda sahanini hakisubiri chochote, na ni kwa hoja hiyo hiyo kwamba hakuna hoteli inayokaanga mayai 200 alfajiri na kuyafunika mpaka saa sita. Mpishi wa hoteli hufundishwa kwamba mchuzi wa holandezi, ule wa viini vya mayai na siagi unaomwagwa juu ya mayai ya Benedict, hukatika na kutengana ukipata joto jingi au ukikaa sana, na kwa sababu hiyo hutengenezwa kidogo kidogo karibu na wakati wa kuliwa. Maarifa ya kuheshimu udhaifu wa chakula yapo jikoni, ila hayajawahi kuelekezwa kwenye kikaango cha vitumbua.

Chanzo cha hali hiyo kinafahamika. Hoja ya kuwa na mlo wa namna hii siku ya Jumapili iliandikwa mwaka 1895 na mwandishi Mwingereza, Guy Beringer, aliyetetea mlo mmoja wa kuchelewa mahali pa mlo mzito wa mchana, ili aliyekesha Jumamosi apate kulala na watu wapate kuzungumza kwa furaha. Katika miaka hiyo hiyo, Auguste Escoffier, akifanya kazi na César Ritz katika hoteli ya Savoy ya London, alikuwa akilipanga jiko la hoteli katika vitengo vyenye mpishi wake kila kimoja, na mpango huo ndio unaotawala majiko ya hoteli duniani mpaka leo. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi ya mwaka 1904, wakati mji wenyewe ulikuwa bado wa mabati na tope, na wateja wake walikuwa walowezi na wawindaji waliotaka kifungua kinywa cha kwao: mayai, nyama ya nguruwe, mkate wa kuokwa na chai. Ubaguzi wa rangi ulimweka Mwafrika upande wa jikoni na wa kuhudumia kwa miongo mingi, kwa hiyo chakula chake hakikuwa na sababu ya kupewa kitengo, mpishi wala mahali pa mbele. Walowezi waliondoka na ubaguzi ule ukafutwa, lakini ramani ya meza haikuchorwa upya; iliongezewa kona tu.

Kwamba inawezekana kuchorwa upya, ushahidi hutolewa na hoteli zenyewe kila mwaka. Unapoingia mwezi wa Ramadhani, hoteli za Pwani huandaa futari, na ukumbi ule ule, kwa wapishi wale wale, huweza kutoa kaimati zilizokaangwa muda huo, sambusa zenye kuvunjika, mihogo ya nazi, viazi vya nazi na uji wa pilipili manga, vyote vikiwa tayari kwa adhana ya magharibi na si nusu saa kabla wala baada. Hufanya hivyo kwa sababu mlaji wa futari anajua kaimati inapaswa kuwaje na hatakubali iliyolala. Upande wa pili wa bahari, katika hoteli za Dubai na Abu Dhabi, ambako branchi ilikuwa ya Ijumaa mpaka mapumziko ya juma yalipohamishiwa Jumamosi na Jumapili mwezi wa Januari 2022, si ajabu kumkuta mpishi akidondosha lukaimati kwenye mafuta mbele ya wageni, nazo ni zile zile kaimati za Mombasa na Unguja kwa jina lake la Kiarabu, na wahudumu wengi wanaozipeleka mezani ni vijana waliotoka Kenya na Uganda. Inasikitisha kwamba kijana huyo anaweza kuiona kaimati ikiheshimiwa ugenini katika ukumbi wa kifahari kabla hajaiona ikiheshimiwa hivyo kwao.

Hoja ya gharama, ambayo mameneja huitanguliza, haisimami inapopimwa. Kupika kwa agizo kunapunguza masalia, na masalia ndiyo donda la kila bafe, yaani mlo wa kujipakulia ambamo vyombo hujazwa mpaka dakika ya mwisho ili ukumbi usionekane kuishiwa. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, ilikadiria mwaka 2024 kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani katika mwaka 2022, na kwamba asilimia 28 ya hizo zilitoka katika biashara za kuhudumia chakula, zikiwemo hoteli na mikahawa. Kitumbua ambacho hakijaagizwa bado ni rojo, na rojo lililobaki huingia kwenye friji, wakati kitumbua kilicholowa chini ya kifuniko hakina pa kwenda isipokuwa pipani.

Linabaki suala la fundi, ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Wanaojua kupika vitumbua kwa ustadi wa juu ni akina mama wanaoamka kabla ya alfajiri na kukaa mbele ya jiko la mkaa katika vibaraza vya Mji Mkongwe, Kariakoo au Majengo, ambao huutambua moto kwa sauti ya rojo linapogusa mafuta na kujua kwa kuutazama uso wa kitumbua ni lini kigeuzwe. Elimu hiyo ni ya miaka, na haipungui kwa lolote elimu ya anayeokota ganda la yai lisianguke kwenye siagi. Hoteli inayotaka kuitumia isimwite mama huyo kama pambo la Jumapili, avae kanga na kupigwa picha na wageni huku akilipwa kibarua. Imwajiri kwa daraja na mshahara wa mpishi wa kitengo, imwekee msaidizi wa kujifunza kwake, na impe neno la mwisho juu ya kikaango chake, kama mpishi wa vitobosha alivyo na neno la mwisho juu ya tanuri lake.

Mabadiliko yanayohitajika ukumbini ni madogo mno kwa jambo lililocheleweshwa kiasi hiki. Mbaazi za nazi zinaweza kubaki katika vyombo vya mvuke, kwa kuwa huzidi kukolea kadiri zinavyokaa, na supu ya mbuzi au ya kongoro hupendeza zaidi baada ya saa kadhaa za moto mdogo. Viazi karai vinaweza kukaangwa kwa mafungu. Mchele ulowekwe Jumamosi jioni. Kikaango cha vitumbua na karai ya mahamri viwekwe pale mbele, kando ya jiko la mayai na si nyuma yake, ili mgeni anayeingia na mwenyeji aliyewaleta wazazi wake wakutane navyo kabla hawajajaza sahani.