Je, Tibbs asingekuwa polisi?

Jamani, tuache kuisifia "In the Heat of the Night" ati ni filamu ya mzungu aliyebadilika. Ni ya mwaka 1967. Virgil Tibbs, mtu mweusi, amekaa stesheni usiku anangoja treni, huko Mississippi. Tajiri ameuawa mjini, basi yeye anakamatwa. Ushahidi? Ngozi yake, na pesa zilizokutwa kwenye pochi. Kinachomwokoa ni kitambulisho: kumbe ni mpelelezi wa Philadelphia, bingwa wa kesi za mauaji! Hata hivyo Gillespie, mkuu wa polisi, anampigia simu bosi wake kuhakikisha.

Sasa, angekuwa mfagiaji wa stesheni je? Angelala ndani, kama si pabaya zaidi. Na nyinyi wa mashirika, kila kalenda yenu ina "mkimbizi mwenye kipaji". Mama aliye kwenye foleni ya chakula hana kipaji cha kuwaonyesha. Yeye mumjibu vizuri kwa sababu gani?

(Lile kofi Tibbs alilomrudishia Endicott, sawa, hapo hata mimi nilishangilia.)

Oscar ya mwigizaji bora ilikwenda kwa Rod Steiger, yule Gillespie. Sidney Poitier, aliyekuwa Tibbs, hata hakupendekezwa.