Kofia ya Pili Iko Wapi?

Imekuwa desturi katika ofisi zetu na katika vyumba vya walimu kuwalaani vijana wa bodaboda. Kila asubuhi husikika maneno yale yale: vijana hawa hawana adabu, hawajui sheria, wanayakimbilia mauti na kutaka kwenda nayo pamoja na abiria wao. Wasemao hayo ni watu waliosoma, wenye dhamana ya umma. Lakini ifikapo saa tisa na nusu alasiri, watu hao hao hutoka ofisini, humwita kijana aliye kijiweni, hupanda nyuma yake kichwa wazi, na neno la kwanza wanalomwambia ni kwamba wamechelewa.

Wamechelewa wapi, na hali kazi imekwisha?

Hatuandiki haya ili kuwatetea wavunjao sheria. Dereva anayepita taa nyekundu, au anayeendesha akiwa amelewa, mahali pake ni mahakamani. Tunachouliza ni hiki: haraka ile ni ya nani? Kijana hapati faida yoyote kwa kumfikisha mtu nyumbani dakika nne mapema, ila kwa kuwa abiria wake ameitaka haraka hiyo na kuilipia. Mwenye nauli ndiye mwenye amri. Akisema "polepole", pikipiki itakwenda polepole. Akisema "sipandi bila kofia", kesho yake kijana atakuja na kofia, maana hapendi kukosa riziki.

Wala sheria si ngeni. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960. Nchini mwetu pikipiki ziliruhusiwa kisheria kubeba abiria kwa malipo mwaka 2009, na Kanuni zilizotolewa mwaka uliofuata zikasema wazi: abiria mmoja tu, kofia ngumu kwa dereva, kofia ngumu kwa abiria, na mtoto aliye chini ya umri wa miaka tisa asipakiwe. Kanuni hizo hazikuandikwa kwa mafumbo. Mtumishi ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma nyaraka na kuwafafanulia wananchi hawezi kudai kwamba hizi hakuzielewa.

Wapo wanaodai kwamba kofia ni jambo dogo, ati ajali ikipangwa imepangwa. Hoja hii haina msingi hata kidogo. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawasawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka kilele cha mnazi wa kimo cha wastani. Mkwezi hapandi mnazi kwa kuharakishwa na mtu aliyesimama chini, na akiharakishwa hushuka akamtukana. Tena, pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, yaani kabla mkono wa dereva haujaanza hata kukamata breki.

Faida ya kofia imepimwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1935 mwandishi na askari T. E. Lawrence alikufa Uingereza kwa kuumia kichwa katika ajali ya pikipiki. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomtibu, aliendelea kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wake. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru waendesha pikipiki wake kuvaa kofia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Huko Vietnam, nchi yenye pikipiki nyingi kupita kiasi, serikali iliamuru kuanzia tarehe 15 Desemba, 2007 kila mtu avae kofia katika barabara zote. Kabla ya hapo waliovaa walikuwa wachache. Mara moja wakawa zaidi ya asilimia 90. Wavietnam hawakubadilika tabia kwa usiku mmoja. Amri ilisimamiwa, basi.

Udhuru unaosikika zaidi hapa kwetu ni kwamba kofia ya abiria inanuka, imevaliwa na watu wengi, na inaharibu nywele zilizosukwa jana. Ni kweli inanuka. Lakini mtu anayenunua simu mpya kila baada ya muda ameshindwaje kununua kofia yake mwenyewe, akaitundika ofisini karibu na koti? Na iwe kofia ya pikipiki hasa, yenye mkanda unaofungwa kidevuni, si ile ya mafundi ujenzi, ambayo wengine huivaa ili kumridhisha askari. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Na iliyokwisha kupata dhoruba moja kubwa yafaa itupwe, kwa kuwa utando wa ndani ukishabonyea haupokei tena kishindo cha pili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawapendi liguswe. Pikipiki hizi ni za nani? Kijana aliyemaliza shule juzi hakuinunua kwa fedha zake. Nyingi ni mali ya watumishi na walimu waliokopa benki au katika SACCOS, kisha wakamkabidhi kijana kwa mkataba, alete hesabu kila siku au kila juma. Tangu Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 kulegeza masharti ya uongozi, kuwa na mradi si haramu, nasi hatumlaumu mtu kwa kutafuta nyongeza ya mshahara. Lakini tajiri huyu wa pikipiki moja aliuliza kama kijana ana leseni? Alinunua kofia mbili? Siku ya mvua anapunguza hesabu, au anapiga simu kuidai? Kijana anayedaiwa hesabu isiyopungua, mvua inyeshe au jua liwake, atakimbia tu. Na jasho analovuja barabarani linaingia katika mfuko wa yule yule anayemlaani asubuhi.

Walimu wana sehemu yao pia. Mbele ya malango ya shule zetu hushushwa kila siku watoto watatu, wanne, waliopangwa kama mishikaki juu ya pikipiki moja, mdogo kabisa akiwa amekalishwa juu ya tangi la mafuta, na mwalimu wa zamu anawaandika waliochelewa. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa sheria tuliyoitaja, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa redio na vikundi vya kujisomea, na miongoni mwa waliovisimamia vikundi hivyo walikuwamo walimu. Walichimbisha vyoo vijijini. Je, wameshindwa lango la shule?

Maafisa ugani na Waratibu Elimu Kata nao wamekabidhiwa pikipiki za umma, na wananchi wanawatazama wanavyozipanda.

Kikao cha kwanza cha wazazi cha muhula ujao kinatosha kuanzia. Mwalimu Mkuu aseme kwamba mtoto aliyepakiwa mshikaki, mzazi wake ataitwa siku hiyo hiyo, awe mkulima au Mkuu wa Idara; na kabla ya kusema hivyo, ahakikishe kwamba pikipiki yake mwenyewe iliyoko kijiweni ina kofia ya pili.