Mill Akija Kupiga Kura Bugene

Kila uchaguzi ukikaribia, pale kimbwetani lazima atokee mmoja wa kuuliza: "Hivi kweli mimi na digrii yangu nina kura moja, sawa na mtu wa darasa la saba?" Watu watacheka, lakini wengi wanaafiki kimoyomoyo.

Hoja hiyo ni ya zamani. Basi tuwaite wenyewe walioianzisha, tuwapange foleni kwenye kituo cha kura hapa Bugene, kati ya mama muuza ndizi na mzee aliyeacha kahawa yake juani.

Plato asingekaa foleni hata dakika tano. Kwake nchi ni kama jahazi ambalo mabaharia wanagombea usukani wakati hakuna aliyejifunza unahodha. Tusimcheke haraka. Mwaka 399 kabla ya Kristo, mwalimu wake Socrates alihukumiwa kifo kwa kura za raia wa Athens. Aliyefiwa namna hiyo ana haki ya kununa.

Rafiki yetu wasomi ni John Stuart Mill. Mwaka 1861, mwaka uleule ambao Speke alifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, Mill alichapisha kitabu kuhusu serikali ya uwakilishi. Alitaka wanawake nao wapige kura, na baadaye alilitetea hilo bungeni. Lakini alitaka pia wenye elimu kubwa wapewe kura zaidi ya moja. Na si ndoto tu: Uingereza wahitimu wa vyuo vikuu walikuwa na kura ya ziada, mpaka ilipofutwa kwa sheria ya 1948.

Sasa kabla hatujampigia Mill makofi, tukumbuke kwamba na sisi tumewahi kupimwa kwa mizani hiyo. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 haukuwa wa kila mtu. Ilibidi uwe na kiwango fulani cha elimu, au kipato, au cheo. Tena kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Januari 1958, TANU walikutana Tabora kujadili washiriki au wasusie. Nyerere aliwashawishi waingie. Waliingia, wakashinda, na kufikia uchaguzi wa rais wa 1962 vigezo hivyo vilikuwa vimeondolewa.

Nyerere huyo alimsoma Mill akiwa Makerere, akatumia hoja zake kuandika insha kuhusu hali ya wanawake. Alichukua kwa Mill usawa, mizani ya vyeti akaiacha. Na yeye vyeti alikuwa navyo, mpaka cha Edinburgh.

Mimi nasomea ualimu, na naona kosa la hoja ya kimbwetani liko hapa: inadhani kura ni mtihani wenye jibu moja. Yule mzee wa kahawa anajua kilo ilinunuliwa shilingi ngapi msimu uliopita na malipo yalikuja lini. Mama anajua zahanati ina dawa au haina. Hayo hayamo kwenye nondo zetu. Kama kuna kitu sisi tunakijua na wao hawakijui, tuwaeleze, wakikataa tuwaeleze tena. Kumpunguzia mtu kura kwa sababu hukumwelewesha ni sawa na mwalimu kumfukuza mwanafunzi ili wastani wa darasa upande.

Mwisho wa foleni yumo Rousseau. Yeye alisema Waingereza wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, baada ya hapo ni watumwa. Huyu angepiga kura, halafu wiki ijayo ungemkuta kwenye mkutano wa kijiji akiuliza mapato na matumizi.

Kwa hiyo ndugu msomi, kabla ya kudai kura ya pili, angalia hiyo ya kwanza. Uko kwenye daftari? Umejiandikisha nyumbani au chuoni, na siku ya kura utakuwa wapi? Maana mzee wa darasa la saba yeye atakuwepo kituoni alfajiri. Na asiyepiga kura, hata awe profesa, mbele yake ana sifuri.