Taa ya omena na siri ya betri

Usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama ufuoni Mbita au kisiwani Rusinga hudhani kuna mji mwingine uliojengwa majini. La! Hizo ni taa za wavuvi wa omena. Taa huelea juu ya maji, wadudu na viumbe vidogo huifuata, omena nao huwafuata hao, kisha wavu huzungushwa. Ndio omena tunaopimiwa kwa gorogoro katika soko la Kibuye, Kisumu.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Mwanga wake ni mkali, lakini hunywa mafuta ya taa usiku kucha, na pesa za mafuta hutoka katika mfuko uleule wa karo na unga. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita, betri zikawa zinachajiwa kwa nguvu za jua na wavuvi wakikodi taa. Siku hizi taa za LED zimeenea ziwani. Swali la mwenye mtumbwi limebaki moja: je, betri itafika alfajiri?

Jibu limo ndani ya punje ya fuwele iliyo ndogo kuliko jicho la omena. Fuwele hiyo ni nitridi ya galiamu, nayo hutoa nuru ya buluu. Poda ya manjano iliyopakwa juu yake hugeuza sehemu ya nuru hiyo, na macho yetu yakaona nyeupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walihangaika miaka mingi kuikuza fuwele hiyo. Naye Shuji Nakamura akatoa LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993. Wote watatu walitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Ubora wa taa hupimwa kwa lumeni, yaani kiasi cha mwanga, kwa kila wati ya umeme. Balbu ya zamani hutoa kama 16, taa ya mrija karibu 70, na LED bora zaidi iliyotajwa wakati wa tuzo ile ilifikia 300. Basi mbona LED nyingine humaliza betri upesi?

Sababu ya kwanza ni kwamba nuru hunaswa ndani. Mpiga mbizi akitazama juu kwa kando, uso wa maji humwia kioo. Hali kadhalika, uso laini wa fuwele hii hupitisha takribani sehemu 4 tu kwa 100 za nuru. Wahandisi huukwaruza uso huo makusudi ili nuru ipate pa kutokea.

Sababu ya pili ni msongamano. Nuru huzaliwa elektroni inapoingia katika nafasi iliyo wazi ndani ya fuwele. Umeme ukizidi, elektroni husongamana, na nishati ambayo ingekuwa nuru hunyakuliwa na elektroni nyingine, ikaishia kuwa joto. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wenzao wa Ufaransa, walitoa ushahidi wa elektroni hizo nyakuzi.

Faida yako msomaji ni hii. LED moja ikisukumwa kwa wati 6, na LED 6 za aina ileile zikipewa wati 1 kila moja, betri hutumika sawasawa, lakini zile 6 hutoa mwanga mwingi zaidi. Kwa hiyo, unaponunua taa, iwe ya mtumbwini au ya mtoto kusomea, uliza lumeni wala si wati pekee. Chagua yenye punje nyingi zisizolazimishwa, na mgongo wa chuma wa kutoa joto. Na mwanga ukitosha, ipunguze.

Wahenga hawakukosea: haba na haba hujaza kibaba.